Umati Una Majina

Siku moja darasani kwangu, hapa Keumbu, tulikuwa tukizungumza juu ya mtu na jamii, jinsi wanavyofinyangana wao kwa wao. Mwanafunzi mmoja, kijana hodari wa hoja, alisimama akasema, "Mwalimu, wale wazee hawakuuawa na mtu. Waliuawa na watu." Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Msomaji, maneno yale yalinichoma kama mwiba, na insha hii naiandika ili niyapinge.

Kijana yule alikuwa akisema juu ya jambo la Mei 2008, wakati watu 11, wengi wao wazee, walipochomwa moto mpaka wakafa katika Kisii yetu kwa tuhuma ya uchawi. Msidhani kuwa hayo yalikwisha. Mwezi wa Oktoba 2021 vikongwe wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma ile ile.

Sikatai kwamba jamii humfinyanga mtu. Hakuna mtoto azaliwaye na neno *omorogi* kinywani. Neno hilo hulipokea kama apokeavyo uji. Mimi mwenyewe nililipokea. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na bibi mmoja mjane katika kijiji chetu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Hakuna aliyeniketisha akaniambia kwamba bibi yule ni mchawi. Niliona tu kwamba mama aliponituma dukani aliniamuru nizunguke njia ya mbali. Niliona kwamba hapana mtoto aliyeuchukua mtungi wa bibi yule kwenda chemchemi, ingawa mitungi ya wazee wengine wote tuliigombania ili tupate ndizi. Nikajifunza. Somo lile lilikuwa jepesi kuliko hesabu.

Lakini sikiliza sehemu ya pili, ambayo watu wapendao kuilaumu jamii huiacha nje. Ndugu yangu mdogo alipoanza kutembea mwenyewe, ni mimi niliyemshika mkono nikamzungusha njia ya mbali. Si jamii. Mimi, mwenye jina, mwenye miaka tisa. Siku ile nilikoma kuwa udongo, nikawa mfinyanzi. Bibi yule, namshukuru Mungu, hakuchomwa na mtu. Alikufa kwa uzee, na mtungi wake aliubeba mwenyewe mpaka mwisho.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo tulivyo, kwamba Mgusii aliishi kwa pamoja tangu zamani, na panapo pamoja hapana mmoja. Huo ni uwongo juu ya wazee wetu. Hao walikuwa na *risaga*. Kazi ilipomshinda mtu peke yake, majirani walikusanyika kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, wakapalilia wimbi, wakavuna, wakajenga nyumba, na mwenye kazi akawapa chakula na pombe. Mtaalamu mmoja, Philip Mayer, aliyekaa kwetu na kutuchunguza, aliandika juu ya vikundi hivyo mwaka 1951. Sasa niambie, katika risaga palikuwa na umati? Hapakuwa. Kila jembe lilijulikana mwenyewe. Aliyekuja alijulikana, na aliyekula jasho la wenzake asilipe kwa jasho lake alijulikana zaidi. Ikiwa tendo jema la watu wengi lina majina, kwa sababu gani tendo ovu la watu wengi likose jina? Kila mtu hukumbuka alipokuwa siku nyumba ya jirani ilipojengwa. Nyumba ya jirani inapochomwa, ghafula kijiji kizima kilikuwa kimelala!

Miaka mitatu baada ya maandishi yale, Mayer alitoa hotuba juu ya wachawi. Alionyesha kwamba mshtaki na mshtakiwa aghalabu si wageni. Ni watu wakaao karibu, waliopaswa kupendana wala hawapendani. Naamini alisema kweli. Itazame nchi yetu ilivyobanana. Shamba alilolisha babu ng'ombe zake leo limegawanywa vipande hata mtu akisimama mpakani aweza kusikia jirani akikoroga chai. Katikati ya vipande hivyo anaishi mjane mzee asiye na mwana wa kumtetea. Sisemi kwamba nyuma ya kila tuhuma kuna shamba. Nasema kwamba hapana budi kuuliza ni nani atakayelima pale baada ya mazishi.

Nimeulizwa, "Mwalimu, mtu mmoja atawazuiaje watu mia wenye mienge?" Hatawazuia. Usiku ule umechelewa, na sitamdanganya kijana kwamba akisimama mlangoni atasifiwa kesho, pengine atazikwa. Walakini umati hauzaliwi usiku ule. Huzaliwa majuma kadhaa mapema, mchana, kinywani mwa mtu mmoja. Mtoto ameanguka kifafa, au radi, ambayo hupiga sana milima hii yetu, imeua ng'ombe. Mtu anasema chemchemini, "Mnajua ni nani." Hapo hapana mwenge wala panga. Pana watu watatu wenye ndoo. Hapo yatosha mmoja kusema, "Mimi sijui. Mtoto apelekwe hospitali." Na hospitali iko hapa hapa Keumbu. Anayenyamaza pale akacheka kidogo ili asionekane mgeni kati ya wenzake, huyo ametia ukuni wake. Wengi wetu tumecheka kicheko hicho.

Sheria yenyewe haina habari na umati. Ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuishi, na ya 57 inawataja wazee, kwamba waishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Hati ya mashtaka ya mauaji haiandikwi "jamii". Huandikwa jina la mtu na la babake.

Nimalize na daftari. Habari za Mei 2008 zilisimulia kwamba wanakijiji walitaja ushahidi wao: daftari lililopatikana katika shule ya msingi, ndani yake mna muhtasari wa mkutano wa wachawi na majina ya watu watakaorogwa. Wachawi wenye katibu! Ningecheka, kama watu hawangekuwa wamekufa. Jiulize ni wazee wangapi wa umri ule waliopata kukaa darasani hata waweze kuandika muhtasari. Daftari lile, kama lilikuwapo, halikuandikwa na mikono mia. Liliandikwa na mkono mmoja, na mkono huo ulifundishwa kushika kalamu na mwalimu mmoja, katika chumba kama hiki chetu. Jioni nisahihishapo madaftari yenu, taa ikiwa mezani, hulikumbuka daftari lile, na mara nyingine husoma jina lililo juu ya jalada mara mbili.