Kilimambogo Baada ya Eda



Juu ya paa la ghorofa tunamoishi hapa Umoja, mashariki ya Nairobi, pale wanawake wanapoanika nguo, asubuhi isiyo na ukungu huonekana mlima mmoja uliojitenga. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa; wengi twaujua kwa jina la Kilimambogo. Miezi minne na siku kumi za eda tuliutazama kila tulipopanda kuanua. Eda ilipokwisha, mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikiwa bado, tuliwaambia wanetu kwamba twataka kwenda kuupanda siku moja, bila ya mtoto wala jirani kutuandama.

Mwanetu mkubwa alikataa. "Mama, watu watasema tumekutupa." Tukamjibu kwamba tangu msiba nyumba haijapungukiwa na watu, kilichotupungukia ni faragha ya kumlilia baba yao bila ya kumtia mtu simanzi. Hapo alinyamaza. Alfajiri mkewe alitufungia mahamri na chupa ya chai, akatutaka tumpigie simu tufikapo langoni na tukishashuka.

Tulipanda matatu hadi Thika, kisha nyingine hadi mji mdogo ulio chini ya mlima. Hifadhi hii ya taifa ilianzishwa mwaka 1967, na nyati ndio wenyeji wake. Kwa hiyo aendaye kwa miguu huandamana na askari wa wanyamapori. Jambo hilo lilitutia uzito, maana tulitaka upweke. Lakini kijana yule alikuwa na adabu. Alitutangulia hatua chache, na kwenye mwinuko mkali akasema, "Mama, pumzika kidogo." Njiani tulilia, naye hakugeuka.

Kabla ya kileleni pana kaburi la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Husimuliwa kwamba alitaka azikwe juu kabisa, ila waliochukua jeneza walishindwa na mlima. Mjane wake, Lucie, ndiye aliyejenga kwa kumkumbuka ile maktaba ya McMillan iliyoko jijini, iliyofunguliwa mwaka 1931. Miaka ya mwanzo iliwahudumia Wazungu peke yao. Leo ni ya wote, na matawi yake yako huku kwetu, Kaloleni na Makadara, ambako wanetu walidurusu masomo yao. Hatukujua hata siku moja kwamba walikaa kivulini mwa msiba wa mjane mwenzetu.

Kilele kina mita 2,145. Kibla huelekea kaskazini, upande ule ule wa Mlima Kenya, ambao siku hiyo ulifunikwa na mawingu. Kwa kuwa masafa hayakufikia ya kufupisha sala, tulisali Adhuhuri rakaa nne kamili, kisha tukamwombea marehemu kwa sauti, tukimtaja kwa jina. Nyumbani tulikuwa tukimwombea kwa kunong'ona.

Wasomaji wetu, Mtume wetu (s.a.w.) alijitenga katika pango la Hira, na masurufu yalipomwishia alirejea kwa Bibi Khadija, akachukua mengine, akenda tena. Kujitenga kule hakukuwa kuikimbia nyumba, na aliyebaki nyumbani hakukuona kuwa ni kutupwa. Basi mama akiomba siku moja ya kuwa na nafsi yake, tusimzuie kwa kuchelea maneno ya watu, wala tusimwache aende asijulikane aliko. Tumfungie chakula, tuijue njia yake, tumngojee.

Jua likikaribia kuchwa tulishuka stejini Umoja. Mwanetu alikuwa amesimama pale, sijui tangu saa ngapi. Hakuuliza neno. Alitupokea mkoba, tukaenda nyumbani kusali Magharibi.

Wabillahi tawfiq.