Wangapi Wako Hai?

Sisi wa Isiolo tumepimwa tukapimika. Kuanzia Merti hadi Garba Tulla, akina mama wanaijua ile tepe ya mkono wa mtoto: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Na tepe sina ubaya nayo, inaokoa. Shida yangu ni ripoti inayotangaza "mabadiliko ya maana" halafu inanyamaza.

Pima watoto maelfu, hata wastani ukiongezeka milimita moja utapita mtihani wa takwimu. Hiyo inasema tu kwamba si rahisi iwe ni bahati. Haisemi kama mtoto alifika kiangazi kingine.

Unadhani nabishania maneno? Kumbuka FEAST, utafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania uliochapishwa 2011. Watoto zaidi ya 3,000 walikuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliotiwa maji mengi ya haraka mshipani, wengi zaidi walionekana kupata nafuu saa ya kwanza. Lakini watafiti walihesabu vifo. Ndani ya saa 48, zaidi ya asilimia 10 yao walikufa; kwa wasiotiwa, ilikuwa 7.3. Wangepima nafuu ya saa moja pekee, tungeshangilia tiba inayoua.

Basi mkija tena na fomu zenu, semeni mapema mtahesabu nini. Mkimaliza, rudini barazani mtuambie, kwa Kiborana na kwa Kiswahili: wangapi wako hai?