Ugaidi Upimwe kwa Kitendo

Neno ugaidi limekuwa jepesi mno midomoni mwa wasemaji, na zito mno juu ya kichwa cha anayetupiwa. Likishatamkwa redioni au kuandikwa gazetini, watu hawaulizi tena nani kauawa, na nani, na kwa ushahidi gani. Hukumu imekwisha kupita. Kwa hiyo yatupasa sisi waandishi, pamoja na wenye mamlaka ya kushtaki, tujiulize jina hili tunaligawa kwa kipimo gani.

Ieleweke kwamba ugaidi upo, nao ni uovu. Tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yaliyolipuliwa katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Hakuna dhuluma duniani iwezayo kuuhalalisha ukatili wa namna hiyo. Tunachokipinga si jina, bali mizani ya kupunja inayotumika kuligawa.

Historia ya jirani zetu wa Kenya ni shahidi wa kutosha. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau waliivamia Lari, wakachoma nyumba za wafuasi wa serikali na kuua makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto. Ulikuwa unyama. Serikali ya kikoloni ikazisambaza picha za maiti, na jina la Lari likavuma ulimwenguni. Lakini kisasi kilifuata papo hapo. Askari na mgambo wa serikali hiyo hiyo waliua watu ambao wanahistoria waliochunguza wanaona idadi yao ilizidi ile ya mwanzo. Picha za maiti hao hazikusambazwa. Mauaji ya kwanza yaliitwa ugaidi. Ya pili yalifunikwa kwa kimya.

Hesabu zenyewe zasema mengi. Katika miaka ya Hali ya Hatari, walowezi wa Kizungu waliouawa walikuwa 32, na raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa wapatao 1,800. Ni vifo vya hao 32 vilivyoitikisa Uingereza. Upande wa pili, serikali iliwanyonga watu 1,090. Na Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, karibu na Mto Tana, walinzi waliwapiga mahabusu hadi 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji.

Jina likishaganda ni taabu kulibandua. Kenya ilipata Uhuru mwaka 1963, lakini marufuku dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka 2003. Uingereza nayo ilikubali mwaka 2013 kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyoyapata. Nelson Mandela, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini tangu 1994 hadi 1999, alibaki katika orodha ya Marekani ya watu wanaohusishwa na ugaidi mpaka mwaka 2008.

Sisi wa Visiwani hatuwezi kuzisikiliza habari hizi kama ngano za ng'ambo. Januari 2001, polisi walipoyazima maandamano Unguja na Pemba, watu 31 walipoteza maisha kwa hesabu ya Tume ya Rais, na mamia wakavuka bahari kukimbilia Shimoni. Hakuna aliyeshtakiwa kwa ugaidi kwa ajili ya vifo hivyo. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Viongozi wa Uamsho walishtakiwa Dar es Salaam kwa makosa ya ugaidi, wakakaa rumande miaka, hadi Juni 2021 mashtaka yalipoondolewa wakaachiwa bila hukumu. Gazeti hili halina mamlaka ya kuwasafisha wala kuwatia hatiani. Hiyo ni kazi ya mahakama. Linalosikitisha ni kwamba mahakama haikufikishwa mahali pa kusema neno la mwisho, ilhali jina walikuwa wamekwisha kulibeba miaka yote hiyo, wao na jamaa zao.

Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwenye kuwaua au kuwatesa watu wasio na silaha ili wengine waingiwe na hofu, huyo ametenda ugaidi, awe amevaa kanzu, suti au sare ya serikali. Hicho ndicho kipimo, na kiwe kimoja kwa wote.

Tunawaomba wenye dhamana ya mashtaka wasilitamke neno hili kabla ushahidi haujawa mkononi, na wakilitamka, kesi isikilizwe upesi. Nasi wa magazeti tuache kuyameza maneno ya taarifa rasmi bila kuyatafuna. Tuandike kilichotendwa, aliyetendewa na kilichothibitishwa. Jina lije baadaye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.