Hayo Siyo Maono, Ni Ndoto za Alinacha!

Yupo dada mmoja wa Mtoni Mtongani, Dar es Salaam. Ana digrii yake, mwaka wa tatu huu ipo kabatini. Jioni anapanda daladala Kariakoo, akipata siti tu, hedifoni masikioni, wimbo uleule unajirudia. Hapo hayupo tena kwenye gari. Yuko jukwaani anapokea tuzo, kamera zote kwake, na yule jamaa aliyemuacha chuoni amekaa safu ya nyuma analia. Anakuja kushtuliwa na konda: "Sista, Rangi Tatu hii, mwisho wa gari!" Mtongani kimepita kitambo.

Stori kama hii mtandaoni ni kichekesho. Watu wanacheka, wanajibu "mimi kabisa huyo". Kumbe dada akifika geto anaendelea. Anazunguka chumbani mpaka saa nane usiku, anatabasamu na kuongea mwenyewe. Mwezi uliopita aliitwa kwenye usaili, ujumbe ukakaa siku nne bila kufunguliwa. Alipoufungua, usaili ulishapita. Bado inachekesha?

Hali hiyo inajulikana. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Israel, Eli Somer, aliandika kuhusu watu ambao ndoto za mchana zinakula masaa yao na kuchukua nafasi ya marafiki, masomo na kazi. Mpaka leo haijaingia rasmi kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wanaotumia madaktari wa Marekani, lakini anayeishi nayo hahitaji mwongozo kujua kwamba inamtesa.

Kwa hiyo wale wa "mvivu tu huyo" na "apelekwe Mirembe" wakaushe kidogo. Mvivu anapumzika. Huyu anatunga muvi nzima kichwani, anaigiza nafasi zote, asubuhi anaamka hoi. Na mtu hawezi kuyakimbia maisha yake kila siku kama yanamkalia vizuri. Kuna upweke hapo, kuna aibu ya kuulizwa "kazi vipi?" kila akikutana na shangazi.

Ila wabaya zaidi ni wale wanaoiuza hali hiyo kama dawa. Wale wa jukwaani na kwenye video fupi: "Jione tayari umepata gari! Jione tayari bosi! Ulimwengu utakuletea!" Kiingilio wanachukua, gari wanaondoka nalo wao. Anayezama tayari anaambiwa azame zaidi, eti ni maono.

Utafiti unasema tofauti. Gabriele Oettingen na Doris Mayer, mwaka huohuo wa 2002, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi. Waliojipa picha tamu zaidi kichwani waliomba kazi chache, wakapata ofa chache, na hata mshahara wao ukawa mdogo. Utamu walishaula mapema, njaa ya kutafuta ikaisha.

Waswahili wana jina la hayo tangu zamani: ndoto za Alinacha. Kwenye Alfu Lela Ulela, jamaa alirithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo auze. Badala ya kuita wateja, akaanza kuwaza faida, utajiri, binti wa waziri anambembeleza. Akampiga binti teke la ndotoni, mguu ukapiga vyombo kweli. Vyote chali! Watu wanakumbuka teke tu. Wanasahau kuwa vile vyombo vilikuwa mtaji halisi, vingeuzika siku ileile.

Dada wa Mtongani naye vyombo anavyo: digrii, simu, afya, na lisaa limoja la daladala kila jioni. Hedifoni zikae kwenye mkoba kwanza, maana wimbo ndio unaowasha mtambo. Maombi ya kazi yaandikwe kabla ya ndoto, siyo baada. Rafiki mmoja aambiwe ukweli wote, bila utani. Ikizidi, Muhimbili kuna wataalamu wa afya ya akili, na kwenda kuwaona siyo uchizi.

Na anayempenda amuulize swali moja tu: "Unakimbia nini?" Asimwambie aote zaidi. Kuota ameshaota vya kutosha.