Bunduki yenye kutu haisafishwi, inakatwa

Ndugu wasikilizaji wa Goma, na ninyi familia mliotoka Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya, mliorudi mashambani na mliobaki mjini mkipanga chumba kimoja watu wanane, leo sileti habari ya bei ya gunia la makala wala ya barabara ya Sake. Leo nina neno juu ya kutu.

Mnakumbuka mwisho wa Januari 2025. Mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 tarehe 27, askari waliokuwa wakikimbia walivua nguo za jeshi barabarani na kutupa bunduki popote: kwenye mitaro, kwenye vyoo, nyuma ya nyumba za watu. Nyingi zilikusanywa na wenye nguvu. Nyingine ziliokotwa na raia, zikafichwa chini ya mawe ya volkano, juu ya dari, katikati ya migomba. Mvua zimezinyeshea. Sasa zinachimbuliwa zikiwa nyekundu, na swali linazunguka mitaani kwa sauti ya chini: hii kutu ya ndani, pale kidole hakifiki, inatolewaje?

Jibu langu ni hili: isitolewe. Aliye na bunduki hiyo asitafute mafuta wala brashi wala waya mwembamba wa kupitisha kwenye mtutu. Atafute njia ya kuitoa nyumbani kwake, ikakatwe.

Najua watakaonicheka. Watasema mwandishi huyu hajui bunduki, chuma kilichooza hakiui mtu. Hapo ndipo hatari ilipo. Kutu ya juujuu ni ngozi tu. Bunduki za aina ya Kalashnikov, zile tunazoziona kila siku, kwa kawaida mtutu wake umepakwa kromu upande wa ndani, na kromu hailiwi na kutu kirahisi. Kwa nje utaona chuma chekundu kama bati la zamani, kumbe ndani njia ya risasi bado ni safi. Mtoto akiiona anadhani ni chuma cha kuuza kwa kilo. Baba naye anadhani imekufa, kwa hiyo anaiweka chini ya kitanda wanapolala watoto. Wote wawili wamedanganywa na rangi.

Halafu kuna yule anayetaka kuisafisha. Kutu hujificha penye giza: ndani ya bomba dogo la gesi lililo juu ya mtutu, chini ya springi, kwenye vitundu vya pini, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Kufika huko ni lazima uifungue, uisukume, uigongegonge. Watu wengi wanafikiri wakishatoa magazini bunduki imekuwa tupu. Si kweli. Risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, na kutu ikaishika pale pale. Wewe unasukuma waya, mkono wa pili unagusa pasipotakiwa, mke anapika hatua tatu kutoka hapo. Na hata ukimaliza salama, mtutu ulioziba kwa kutu au udongo unaweza kupasuka usoni mwa anayeupiga. Silaha ya namna hiyo haiwezi kuitwa ulinzi.

Sasa nije kwenye hoja yenu kubwa, maana sitaki kuikimbia. Mnasema: usiku wezi wanakuja na bunduki, hakuna anayekuja kutusaidia, nikae mikono mitupu? Mama aliyevunjiwa mlango Ndosho au Katoyi ana haki ya kuuliza hivyo, na sitamwambia kwamba hofu yake ni ya bure. Lakini tufikiri pamoja. Wezi hawaji mmoja. Wanakuja wengi, na wanajua kutumia walichobeba kuliko wewe uliyejifunza jana. Wakisikia kwako kuna bunduki, hawataogopa kuja. Watakuja kwa sababu yake, maana kwao bunduki ni mali kuliko simu na kuliko mfuko wa mchele. Na siku mtaa unapofungwa na nyumba zinapekuliwa, chuma hicho kitamfanya kijana wako aitwe askari aliyejificha, au Wazalendo, au mwizi. Hataulizwa mara mbili. Majirani wa parseli nzima wataingia naye. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na bunduki iliyofichwa ndani ya nyumba ni maradhi ya namna hiyo.

Kwa nini nasema ikatwe, nisiseme tu ikabidhiwe? Kwa sababu mji huu umeshaona silaha zikikabidhiwa bila kukatwa. Julai 1994, ndani ya siku chache, watu mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda kuingia Goma. Askari wa jeshi lililoshindwa walinyang'anywa bunduki pale mpakani, zikarundikwa chungu. Wakubwa wetu wa leo waliokuwa watoto wakati ule wanazikumbuka chungu hizo. Askari wa Zaire walizichukua. Hazikuharibiwa zote. Kufikia 1995 mashirika ya haki za binadamu yalikuwa yameshaeleza waziwazi jinsi silaha zilivyorudi kwa wapiganaji waliokuwa wakijipanga upya kwenye kambi, na mwaka 1996 vita vikafika. Chungu lile lingeyeyushwa siku ile ile, sisemi tusingeona vita. Ila mikono iliyoshika bunduki ingekuwa michache.

Tangu hapo silaha za mkoa huu zinabadilisha bwana tu. Leo ni za jeshi, kesho za waasi, keshokutwa za kundi la kijijini, baadaye za majambazi wa usiku. Kila bwana mpya anaanza kwa kazi moja: kuondoa kutu ya bwana aliyepita. Ndiyo maana nawaambia mafundi wetu wa kuchomelea na wa pikipiki, mnaoletewa kipande kilichofungwa kwenye gunia mkaambiwa ni kazi ndogo: kataeni. Pesa hiyo italiwa siku moja, na chuma mlichokilainisha kitatembea miaka mingine kumi. Hamtajua mlango gani kitabisha.

Na wenye mamlaka, wote, wa huku na wa Kinshasa, wasijifiche nyuma ya raia. Tarehe 21 Aprili 2004 serikali za ukanda wetu, Kongo, Rwanda, Uganda na Burundi zikiwemo, zilitia saini Nairobi itifaki ya kuzuia silaha ndogo. Ndani yake waliahidi kuharibu silaha zilizokamatwa na zisizo na kazi. Kenya, tarehe 15 Novemba 2016, ilichoma bunduki 5,250 hadharani Ngong. Msumbiji, kuanzia 1995, makanisa yalipokea silaha na kumpa aliyeleta cherehani, baiskeli au jembe; silaha zikakatwa, na wasanii wakatengeneza viti kwa vipande vyake. Hata hapa kwetu, Katanga, ilitolewa baiskeli kwa bunduki. Kwa hiyo mtu asituambie haiwezekani.

Tunachodai ni vitu vitatu. Cha kwanza, mahali pa kuacha silaha pasiwe kambi ya askari wa upande wowote. Pawe uwanja wa parokia, wa msikiti au wa kanisa, mbele ya viongozi wa dini na wa mtaa. Cha pili, anayeleta asiulizwe jina wala asipigwe picha. Raia wanaogopa, na hofu yao ina sababu. Leo mtu akitembea na bunduki kwenda kuikabidhi anaweza kufa njiani kama aliyeibeba kwenda kuiba. Cha tatu, ikatwe siku hiyo hiyo na wataalamu, watu wakiangalia, kuanzia mtutu na mahali risasi inapokaa. Isiingie stoo hata usiku mmoja. Silaha iliyoingia stoo tumeshajua inakoelekea.

Mpaka siku hiyo ifike, sikieni ninyi mnaorudi Kibumba, Sake, Masisi na Rutshuru kufyeka mashamba yaliyolala. Mkikuta bunduki, bomu au sanduku la risasi, msiguse, hata kama kutu imelila lote. Wekeni alama kwa mbali, kijiti chenye kitambaa chekundu au mawe yaliyopangwa, kisha mwambieni chifu wa mtaa mkiwa wawili au watatu, si mtu mmoja peke yake. Watoto wanaookota vyuma vya kuuza waambieni leo jioni, kabla hawajalala: chuma chenye umbo la bunduki au la yai hakiingii kwenye gunia. Nanyi mnaonunua vyuma kwa kilo, mkiletewa cha namna hiyo msikipime wala msimtume mtoto akirudishe alikokitoa. Kiacheni pale kilipo, mtoeni mtoto, wekeni watu mbali, mwiteni chifu.

Na wewe uliye na mafuta na kitambaa tayari mezani, ukisubiri watoto walale ili uanze kazi, rudisha mafuta jikoni. Kesho ongea na mzee wa kanisa lako au imamu wako, peke yenu, kabla ya mtu mwingine kuisikia habari hiyo kwa njia nyingine.