Wagonjwa wa Saratani ya Matiti Wasiachwe Njiani

Hapana shaka kwamba nchi yetu imepiga hatua katika vita dhidi ya saratani. Hospitali ya Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ilifanywa taasisi kamili ya saratani mwaka 1996. Leo hii matibabu ya ugonjwa huu yanapatikana pia Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Madaktari wanasomeshwa na mitambo inanunuliwa. Wote waliohusika wanastahili pongezi.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo haliagizwi kwa zabuni wala halikatiwi utepe na mgeni rasmi, nalo ni kumpata mtu wa kumwongoza mgonjwa tangu siku anapofika hospitali na uvimbe hadi siku anapomaliza matibabu. Kwa upande wa saratani ya matiti, ambayo ni ya pili kwa wingi miongoni mwa akina mama wa Tanzania baada ya saratani ya mlango wa kizazi, pengo hilo linagharimu maisha.

Yafaa ieleweke kwamba saratani ya matiti haitibiwi kwa siku moja wala katika chumba kimoja. Mgonjwa huanzia zahanati, akaandikiwa barua ya rufaa. Hospitalini hupigwa picha, kisha huchukuliwa kinyama kwa sindano na kupelekwa maabara. Ikithibitika kuwa ni saratani, kinyama hicho hupimwa tena ili ijulikane kama uvimbe unachochewa na homoni, kwani uchaguzi wa dawa hutegemea hilo. Kisha zipo dawa za kudungwa mshipani, ambazo aghalabu hutolewa kila baada ya majuma 3 kwa miezi kadhaa. Upo upasuaji. Ipo tiba ya mionzi, inayotolewa siku 5 kwa juma kwa majuma kadhaa, na katika hospitali chache tu nchini. Na kwa wengi vipo vidonge vya kumeza kila siku kwa muda usiopungua miaka 5.

Kila kituo katika safari hiyo kina mkuu wake, daftari lake na siku yake ya kliniki. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa hata nahodha mmoja wa safari nzima hayupo. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayetarajiwa kuubeba mzigo wa kukumbuka, kuuliza na kuunganisha, naye ndiye mwenye hofu na maumivu kuliko wote.

Matokeo yake yanafahamika kwa kila muuguzi aliyefanya kazi katika kliniki hizi. Majibu ya maabara hukaa kabatini kwa sababu nambari ya simu iliyoandikwa ni ya shemeji aliyekwisha hamia machimboni. Mama wa kisiwani hukosa nauli ya kivuko siku ya dozi yake ya tatu, na akifika juma lifuatalo huambiwa kwamba siku yake imepita. Mwingine husikia kwamba titi litaondolewa, akaondoka kimya kimya, kwa kuwa hakupata mtu wa kukaa naye nusu saa na kumweleza yeye na mumewe kinachofanyika na kwa nini. Katika daftari huandikwa neno moja tu: "Hakurudi." Neno hilo humtia mgonjwa hatiani. Ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna aliyemwita.

Dawa ya maradhi haya ya utaratibu ni mratibu wa matibabu ya saratani. Huyu ni muuguzi aliyepewa mafunzo ya ziada, ambaye kila mgonjwa wa kliniki ya matiti anamjua kwa jina na kwa nambari ya simu. Haandiki dawa wala hashiki kisu. Kazi yake ni kufuatilia majibu maabara, kupanga tarehe za vitengo mbalimbali zisigongane, kumtafutia mgonjwa wa mbali mahali pa kulala wakati wa mionzi, kumwita asipoonekana, na kumweleza daktari kwa wakati kwamba mgonjwa fulani ana homa baada ya dawa na asisubiri siku ya kliniki. Juu ya yote, yeye ndiye anayekuwapo chumbani daktari anapotamka neno saratani, na anayebaki baada ya daktari kutoka, kwani mtu aliyepata habari nzito husikia maneno machache sana.

Mpango huu si ndoto. Mwaka 1990 daktari mpasuaji Harold Freeman alianzisha huduma ya waongoza wagonjwa katika Hospitali ya Harlem mjini New York, iliyokuwa ikiwahudumia Wamarekani weusi maskini, wengi wao wasio na bima. Miongoni mwa wanawake waliotibiwa hapo saratani ya matiti kati ya mwaka 1964 na 1986, ni asilimia 39 tu waliokuwa hai baada ya miaka 5. Kwa waliotibiwa kati ya mwaka 1995 na 2000, idadi hiyo ilifika asilimia 70. Hatusemi kwamba waongozaji peke yao ndio walioleta mabadiliko hayo, kwani uchunguzi wa bure au wa bei nafuu nao ulifanya kazi yake. Lakini uchunguzi usio na mtu wa kumfikisha mgonjwa kwenye tiba ungeishia kumpa habari mbaya tu.

Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake uliozinduliwa mwaka 2021, limezitaka nchi zifikie malengo matatu: asilimia 60 ya saratani za matiti zigunduliwe zingali katika hatua mbili za mwanzo, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao. Malengo mawili ya mwisho hayatafikiwa na mitambo peke yake. Yanahitaji mtu wa kuhesabu siku na kuhesabu watu.

Wako watakaosema kwamba wauguzi ni wachache, na kumtoa mmoja wodini ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haikutazama mbali. Tiba iliyokatika katikati ndiyo tiba ya gharama kubwa kuliko zote, kwani dawa zimekwisha tumika na mgonjwa hakupona. Akirudi baada ya mwaka akiwa na kidonda, atahitaji kitanda na wauguzi wengi zaidi. Wengine watasema kwamba kazi hii ni ya ndugu. Ndugu wana mapenzi, lakini hawana ruhusa ya kuingia maabara kudai majibu. Wala tusidhani kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itaziba pengo hili. Bima hulipia dawa. Haimpigii simu mgonjwa aliyekosa kuja.

Kwa hiyo tunaishauri Wizara ya Afya na wakuu wa hospitali za rufaa mambo matatu. Kwanza, cheo cha mratibu kiingizwe katika ikama ya kila hospitali inayotibu saratani, kiwe na mshahara wake, mafunzo yake na msaidizi wa kumpokea anapougua au kwenda likizo. Kazi hii isiendelee kuwa hisani ya muuguzi mwenye huruma anayetumia simu yake na muda wake mwenyewe, kwani siku akihamishwa, wagonjwa wake wote hupotea naye. Pili, mratibu apewe simu ya kazi, daftari lake na fungu dogo la nauli kwa wasiojiweza, na awe na kiti katika mkutano wa madaktari unaopanga matibabu. Tatu, kila hospitali itangaze kila mwaka wagonjwa walitumia siku ngapi kungojea majibu, na wangapi walimaliza tiba.

Kwa akina mama wasomaji wetu, uvimbe usiouma si wa kupuuzwa. Nendeni mkapimwe mapema. Tunapowaambia hivyo, Taifa nalo limewekewa deni. Si haki kumhimiza mama apande kivuko alfajiri aende hospitali, kisha asiwepo hata mtu mmoja mwenye wajibu wa kujua kama alirudi.