Kamera mbili hazijaona kitu, mbona damu bado inapungua?

Mtu anaongezewa damu, anapewa vidonge vya madini chuma na dawa ya minyoo, anarudi nyumbani. Miezi michache baadaye damu imeshuka tena. Hospitali ya rufaa anapimwa kwa kamera ya mdomoni, kisha ya njia ya haja kubwa. Majibu: hakuna tatizo. Hapo ndugu huanza kunong'ona mambo ya kurogwa.

Msikilizaji, kamera ya mdomoni huona koo, tumbo na mwanzo tu wa utumbo mwembamba. Ya chini hukagua utumbo mpana. Katikati zinabaki mita kadhaa za utumbo mwembamba ambazo hakuna aliyezitazama, na humo uvimbe unaweza kuvuja damu kidogo kidogo bila maumivu.

Tusitishane: uvimbe huo ni nadra. Vijijini kwetu damu hupungua zaidi kwa safura, hedhi nyingi, vidonda vya tumbo na dawa za maumivu kama diklofenaki zinazomezwa kiholela. Lakini hayo yakishaondolewa, lazima utumbo mwembamba utafutwe.

Kipimo cha CT chenye dawa ya kung'arisha huonyesha uvimbe na ulipo. Ipo pia kamera ndogo ya kumeza kama kidonge, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Hupiga picha kwa saa nane hivi, kisha hutoka na choo. Haikati kinyama cha kupima, na utumbo ukiwa umebana inaweza kukwama hadi mtu apasuliwe, kwa hiyo daktari huuliza kwanza kuhusu kutapika na tumbo kujaa. Kamera ndefu yenye puto, iliyobuniwa Japani, hufika ndani na kukata kinyama.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mjadala mkubwa umekuwa nani achangie kiasi gani. Sisi tunaona swali la kitita ni zito vilevile: kadi italipia vipimo hivi, au itaishia kwenye chupa ya damu? Anayeongezewa damu mara ya pili bila sababu kujulikana anastahili barua ya rufaa.

Ukienda, beba majibu yote ya zamani na tarehe za kuongezewa damu. Taja kila dawa unayotumia. Choo cheusi kama lami kiseme bila aibu, na useme pia kama unameza madini chuma, maana nayo hukifanya choo kiwe cheusi.